Pambo la Kustahili na Pambo la Kununua

Katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia kijana mmoja aliyeitwa Johnstone Kamau alifanya kazi Thika chini ya Mwingereza John Cook, na mojawapo ya majukumu yake lilikuwa kwenda Nairobi kuchukua mishahara ya wafanyakazi benki. Aliugua, akaacha kazi. Serikali ya kikoloni ilipozidi kuwanasa vijana kwa nguvu ili wakabebe mizigo ya jeshi, alikimbilia Narok kwa shangazi yake aliyeolewa na Mmaasai, akaishi na kuvaa kama wenyeji wake. Miongoni mwa mavazi hayo ulikuwamo mkanda wa shanga ambao Wakikuyu waliuita kinyata. Aliupenda, akawa anauvaa hata alipoajiriwa na baraza la mji wa Nairobi, na hatimaye ukawa jina lake: Kenyatta.

Rais wa kwanza wa Kenya, basi, alibeba jina la pambo, tena pambo la watu wengine. Miaka ya siasa kubwa ilipofika alionekana pia na kofia ya shanga ya Kijaluo, ogut tigo, aliyopewa na Jaramogi Oginga Odinga. Mkikuyu mwenye jina la mkanda wa Kimaasai na kofia ya ziwani, na hakuna aliyemwona amevaa vya kuazima. Hili linafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba bibi harusi wa Ruiru anayevaa kola pana ya shanga za Kimaasai amepotea njia ya mababu zake.

Thika yenyewe imekaa mahali pa kukutania. Mlima ulio mashariki yake una majina mawili yanayotumika hadi leo, Kilimambogo na Ol Donyo Sabuk, la pili likiwa la Kimaasai. Magharibi na kaskazini ni mashamba ya Wakikuyu, kuvuka kuelekea Machakos ni Ukambani, na tambarare zilizo kusini zilikuwa malisho ya Wamaasai. Katika mpaka kama huo watu walivamiana, waliuziana chakula wakati wa njaa, walioana, na waliigana mapambo. Vijana wa Kikuyu waliotahiriwa walisuka nywele ndefu na kujipaka mafuta yenye udongo mwekundu kwa mtindo uliofanana sana na ule wa moran, vijana wapiganaji wa Kimaasai, hivi kwamba wageni wa kwanza kutoka Ulaya walitatizika kuwatofautisha. Leo mpaka huo umehamia ndani ya mji. Kiandutu, mtaa mkubwa wa mabanda wa Thika, umejaa watu wa makabila mbalimbali walioletwa na vibarua vya viwandani, ujenzi na mashamba ya mananasi, na ushanga unaoonekana mkononi mwa kijana wa huko hauwezi tena kumwambia mtu kijana huyo ametoka wapi.

Zamani ungeweza. Na ungesema zaidi ya hapo.

Kwa Wakikuyu, pambo lilianzia kwenye sikio. Mtoto alitogwa masikio kwa hatua, kwanza sehemu ya juu, kisha ndewe, na tundu la ndewe likapanuliwa kidogo kidogo kwa vijiti vilivyoongezwa unene. Kutogwa huko kulikuwa ngazi ya makuzi, kama jando lilivyokuwa baadaye. Asiyepita hatua moja hakuruhusiwa kuiendea ya pili. W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, waliochapisha kitabu chao juu ya Wakikuyu mwaka 1910, walishangazwa na wingi wa vitu vilivyoning'inia masikioni mwa watu na uangalifu uliotumika katika kuvivaa. Mwanamke aliyeolewa alivaa hang'i, yaani pete kubwa za shanga zilizofungwa pamoja na kuning'inia kwenye masikio kama mafungu mawili mazito. Msichana hakuzivaa. Aliyekutana na mwanamke njiani hakuhitaji kuuliza kama ameolewa, wala namna ya kumsalimia.

Kwa mwanamume mzee, alama ya juu ilikuwa hereni za shaba za wazee wa baraza. Hapa ndipo ufunguo wa suala zima ulipo. Mwanamume hakupanda daraja za kiama, yaani baraza hilo, kwa sababu amezeeka tu, wala kwa sababu ana mifugo. Kwa daraja za juu alitakiwa awe na watoto waliotahiriwa, na kwa kila daraja atoe mbuzi. Mbuzi hao hawakwenda zizini kwa mtu yeyote. Walichinjwa, wakaliwa na wazee wenzake. Mali yake ilipita matumboni mwa majirani kwanza, ndipo ikarudi kwake kwa sura ya haki: haki ya kuketi mahali fulani, kushika fimbo fulani, kuvaa shaba fulani sikioni. Tajiri bahili angeweza kuwa na shaba nyingi ndani ya nyumba na asiwe na ruhusa ya kuivaa.

Utaratibu huu haukuwa wa Kenya peke yake, na mfano ulio wazi zaidi uko mbali sana, kwenye milima ya Wanaga inayogawanya India na Burma. Huko pia kulikuwa na karamu za heshima: mtu alichinja ng'ombe na nguruwe, akalisha kijiji kizima, na kwa kufanya hivyo akapata haki ya kuvaa shuka na mapambo ambayo wengine hawakuruhusiwa. Shujaa wa Kikonyak, mojawapo ya makabila ya Wanaga, aliyeleta kichwa cha adui alivaa kifuani vichwa vidogo vya shaba, na hesabu yake ilijulikana. Asiyestahili akivaa, aliaibishwa. Kuna Wakenya waliofika jirani na milima hiyo. Mwaka 1944, baada ya Wajapani kushindwa Kohima na Imphal, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita njia hizo ikiwafukuza kwenye bonde la Kabaw, na miongoni mwa Wakikuyu waliopigana Burma katika vita hivyo alikuwapo Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau.

Kinachounganisha pande hizo mbili ni zaidi ya desturi. Ni biashara. Wanaga walithamini mno mawe mekundu ya akiki yaliyochongwa Gujarat, hasa eneo la Khambhat, na akiki ya Gujarat hiyohiyo ilivuka bahari kwa majahazi na kufika pwani ya Waswahili, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale wameikuta katika magofu ya miji ya zamani. Shanga za kioo kutoka India ziliingia Kilwa na Lamu karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana. Hata hivyo kujipamba kulikuwapo kabla ya meli yoyote. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, umepatikana ushanga wa kombe la bahari wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000, na katika pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, zipo shanga za ganda la yai la mbuni za kadiri ya miaka 40,000. Mtu aliyekaa akatoboa ganda la yai, akalisugua hadi likawa duara, hakuwa akitafuta chakula. Alikuwa na jambo la kuwaambia wenzake kuhusu nafsi yake.

Karne ya 19 ndiyo iliyoufanya ushanga wa kioo kuwa kitu cha kila nyumba barani. Ulitoka Venisi, na baadaye kwa wingi zaidi Bohemia, ukashushwa Zanzibar na Mombasa, ukabebwa na misafara pamoja na nguo na waya wa shaba. Wakamba walikuwa mabingwa wa njia hiyo. Kivoi wa Kitui alikuwa mfanyabiashara mwenye jina hadi pwani kabla ya kuuawa mwaka 1851 akiwa safarini na mmishonari Krapf. Waliokuja nyuma yake walijifunza kwa gharama kwamba Mwafrika wa bara hakupokea ushanga wowote tu. Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, alilazimika kuzitunga upya shanga zake huko Taveta ziwe za urefu uliokubalika, la sivyo zisingenunua kitu. Rangi iliyopendwa mahali hapa ilikataliwa safari ya siku chache mbele. Kiwanda cha Ulaya kilifuata matakwa ya mwanamke wa Kimaasai, na muuzaji aliyepuuza ladha hiyo alibaki na mizigo yake.

Chuma kilikuwa cha hapa hapa. Wahunzi wa Kikuyu walichuja mchanga wenye chuma kutoka mitoni, wakauyeyusha, wakatengeneza panga, mikuki, na pia mikufu myembamba sana ambayo hadi leo inastaajabisha kwa ufundi wake ikiwa ndani ya kabati za makumbusho. Laana ya mhunzi iliogopwa. Kwa Wamaasai wahunzi walikuwa kundi la pembeni, hawakuoana na wengine, ingawa hapakuwa na mkuki wala pambo la chuma bila wao. Wanaopamba jamii huwekwa mbali na heshima ya kile wanachokitengeneza, na hilo halijaisha: lina sura mpya, kama itakavyoonekana.

Pigo la kwanza juu ya mfumo huu wa pambo la kustahili lilitoka kanisani na shuleni. Misheni za Thogoto, Kambui iliyo upande wa magharibi wa Ruiru, na nyinginezo, ziliuona mwili uliopambwa kama mwili ambao haujaokoka. Udongo mwekundu uoshwe, ngozi ivuliwe, shanga zitolewe, masikio ya watoto yasitogwe. Wasomaji, athomi, walitambulikana kwa kile walichokosa. Haikuwa rahisi kwa kizazi kilichoshikwa katikati. Nguo hubadilishwa kwa siku moja, lakini ndewe iliyopanuliwa hairudi ilivyokuwa. Hadi miongo ya karibuni vikongwe wa Kiambu na Murang'a walionekana sokoni wakiwa na masikio yaliyokatika au yaliyokunjwa juu ya ukingo wa sikio ili yasining'inie, na wajukuu wao wengi hawakuelezwa kamwe maana yake.

Pigo la pili lilikuwa la serikali, nalo lilikuwa katili kwa namna ya pekee. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole, jina la tajiri wake na mshahara wake. Kwa kawaida kilitiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Wanaume walikasirika, wakasema wamefungwa kengele kama mbuzi. Hasira hiyo inaeleweka zaidi mtu akikumbuka shingo na sikio vilikuwa na maana gani kwao. Mahali palepale palipotangaza umri wa mtu, watoto wake, ukarimu wake na nafasi yake kati ya wazee, sasa paliwekwa chuma kilichotangaza kwamba ni kibarua wa fulani. Hakukistahili, hakukinunua, wala hakuweza kukivua. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, alipoanza kukusanya umati mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya watu, na waliokuja kudai aachiliwe alipokamatwa mwezi Machi 1922 walimiminiwa risasi Nairobi.

Tangu hapo pambo lilikaa kimya kwa muda mrefu katika Ukikuyu, likawa la ngoma za kutumbuiza wageni na picha. Joy Adamson, kabla ya kujulikana kwa simba wake, alizunguka Kenya akichora watu wa jamii mbalimbali wakiwa na mapambo yao kamili, na mamia ya michoro hiyo imehifadhiwa. Baadhi ipo katika Makumbusho ya Taifa Nairobi. Ukiitazama unaona wazee wa kweli, si wacheza ngoma. Lakini unaona pia mtu anayesimama ili achorwe kitu kinachotoweka.

Kilichorudi miaka hii kimerudi kupitia harusi. Jumamosi yoyote katika bustani za kukodisha za Thika, Juja na Ruiru kuna ruracio, sherehe ya mahari, au ngurario, harusi ya kimila. Bibi harusi na wenzake hujitokeza wamefunikwa, bwana harusi amtambue wake, kisha kiande cha mbuzi kikatwe mbele ya wazee. Mavazi ni kitambaa cha rangi ya ngozi kilichoshonewa kauri, kilemba au utepe wa shanga kwenye paji la uso, kola pana shingoni, vikuku. Mengi ya hayo hukodishwa kwa siku. Kola mara nyingi ni ya mtindo wa Kimaasai au wa Kisamburu, na hang'i halisi ni adimu.

Wapo wanaokejeli. Kejeli hiyo haina msingi. Historia ya eneo hili ni ya kuazima, na waliohitimisha kwamba Mkikuyu wa asili alikuwa na vazi moja lisilobadilika walisoma picha chache tu za studio. Donna Klumpp na Corinne Kratz, walioandika juu ya Wamaasai na majirani zao Waokiek katika kitabu cha mwaka 1993 kilichohaririwa na Thomas Spear na Richard Waller, walionyesha kwamba hata wale wanaofuata mtindo wa Kimaasai huacha ndani yake tofauti ambazo jicho la mzoefu huziona mara moja. Mtindo husafiri, na kila anayeupokea huutia mkono wake.

Kwa sababu hiyohiyo inafaa kuishuku ile orodha ya rangi inayosomwa kwa watalii: nyekundu ushujaa, nyeupe usafi na maziwa, buluu mbingu, kijani majani. Si uongo mtupu, maana wanawake wa Kimaasai wenyewe huieleza. Lakini inaufanya ushanga kuwa kamusi ya maneno machache. Mwanamke anayetunga huangalia rangi ipi inakaa karibu na ipi, nafasi ya kukata mstari, mtindo wa rika la moran wa wakati huo, mtindo wa sehemu yake ya Umaasai na si wa wale wa ng'ambo ya pili. Msokoto wa shaba uitwao surutia unaoning'inia sikioni mwa mwanamke aliyeolewa hausemi chochote kuhusu mbingu. Unasema huyu ni mke katika nyumba ya watu.

Kilichobadilika kwelikweli ni njia ya kulifikia pambo. Leo fedha inakwenda moja kwa moja dukani. Hakuna jirani aliyekula mbuzi, hakuna mzee aliyethibitisha, hakuna hatua iliyopitwa. Hii imeleta uhuru ambao hakuna haja ya kuudharau: msichana wa Kiandutu anayevaa shanga za kiunoni, ambazo kwa wanawake wa pwani ni utunda na zina adabu zake za faraghani, anazivaa kwa furaha yake mwenyewe, kijana mwenye bangili ya rangi za bendera anajitangaza kuwa Mkenya, jambo ambalo hakuna pambo la mababu lingeweza kulisema. Ila uhuru huo pia umelifanya pambo lisiwe na shahidi. Ndiyo maana katika ngurario, mahali ambapo mbuzi bado huchinjwa na wazee bado huketi, shanga hurejewa na uzito wake, hata zikiwa za kukodisha. Watu wameshuhudia.

Na tusiutamani mfumo wa zamani kwa macho yaliyofumbwa. Alama inayosomwa na wote inaweza pia kumfunga aliyevikwa. Katika Samburu, desturi ya moran kumtia msichana shanga, mafungu kwa mafungu shingoni, humpa mwanamume huyo haki juu ya mtoto ambaye mara nyingi ni wa ukoo wake na hawezi kumwoa. Mimba ikipatikana, anayeumia ni msichana na kichanga chake. Josephine Kulea, Msamburu mwenyewe na mwanzilishi wa shirika la Samburu Girls Foundation, ameokoa wasichana kutoka katika desturi hiyo, na amepingwa vikali na wa nyumbani kwake. Kola inayopendeza harusini Ruiru ina dada yake mwenye historia hiyo, na anayeivaa ana haki ya kuijua.

Limebaki suala la fedha, na hapa udhalimu wa kale dhidi ya wahunzi unajirudia. Mwanamke anayetunga kola kwa siku kadhaa ndiye anayepata kidogo kuliko wote walio kwenye mnyororo wa kuiuza. Serikali ilianzisha Ushanga Kenya mwaka 2017 katika kaunti saba za wafugaji, Kajiado, Narok, Samburu, Marsabit, Turkana, Pokot Magharibi na Baringo, ili kuwaunganisha wanawake na soko bila walanguzi. Ni hatua nzuri, lakini soko lenyewe linategemea mtalii, na mwaka 2020 Korona ilipofunga viwanja vya ndege ilidhihirika jinsi lilivyo dhaifu. Wakati huohuo shanga zilizotungwa Asia kwa mtindo wa Kimaasai huuzwa rejareja mijini kwa bei ambayo mtungaji wa Kajiado hawezi kushindana nayo.

Majumba makubwa ya mitindo nayo yamechota. Louis Vuitton ilipeleka jukwaani mitandio ya mtindo wa shuka la Kimaasai katika mavazi yake ya kiume ya mwaka 2012. Wamaasai wa Kenya na Tanzania waliunda mpango wa kudai hakimiliki ya jina na mitindo yao, na kampuni ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kulipa ada ya leseni. Moja tu kati ya nyingi, lakini inaonyesha kwamba inawezekana.

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na sheria hiyo inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili maarifa hayo. Kwa wafugaji umuhimu wake unaonekana upesi. Kwa Kiambu, ambako Thika na Ruiru zimo, pana jambo jingine la kusajili: hang'i zilitungwaje, shanga ngapi kwa pete, nani aliyeruhusiwa kumtungia bibi harusi, mkufu wa chuma ulivutwa kwa kifaa gani, mbuzi wangapi walichinjwa kabla ya shaba kupanda sikioni. Wanawake wachache waliotogwa masikio utotoni bado wako hai vijijini, na mafundi wa kutunga wanaoweza kuiga kazi hiyo kwa kuiona mara moja wapo, baadhi yao wakiishi katika vyumba vya kupanga vya Makongeni na Kiandutu mjini Thika. Makundi haya mawili hayajakutanishwa, na nauli ya matatu kutoka kwa moja hadi kwa jingine ni ndogo kuliko bei ya kukodi kola kwa Jumamosi moja.